Yai la Chiriku

Sisi watu wa pwani mtu mwenye maneno mengi humwita chiriku, wala si kwa kumtukana tu, kwani sauti ya ndege huyo hupendeza. Wapo chiriku wetu wa mwituni, na yupo yule wa manjano ambaye asili yake ni visiwa vya Kanari, katika bahari ya Atlantiki, aliyefugwa na Wazungu vizazi na vizazi hata akawa ndege wa nyumbani kama kuku. Maneno yangu leo ni juu ya huyu wa nyumbani. Wa mwituni na aachwe alipo, na kumkamata bila ya kibali ni kosa katika sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013.

Binti wa marehemu kaka yangu ameolewa bara, nao wanakaa Githurai 45, upande wa Ruiru, ghorofani, mahali ambapo toka alfajiri husikii ila honi za matatu na sauti za wachuuzi. Mumewe alimnunulia jozi ya chiriku hawa ili nyumba iwe na sauti nyingine. Mwezi wa Julai, na baridi ya huko wa pwani haizoei, jike aliatamia. Kisha nikapigiwa simu: "Ami, makinda watatu wametoka, na mmoja amekufa usiku. Mtama umejaa tunduni. Wanataka nini?"

Nimefuga ndege hawa tangu ujana wangu, na jawabu nilikuwa nalo. Punje kavu humtosha ndege mzima. Kinda hutotolewa baada ya siku 13 au 14, naye katika muda wa wiki tatu hivi yampasa ajenge nyama, mifupa na manyoya yote, hata aweze kutoka kiotani. Mwituni, wazazi wake humtafutia mbegu changa zilizo laini, majani mabichi, na mdudu mdogo akipatikana. Tunduni hawana pa kutafuta.

Basi yai lichemshwe dakika 10 tangu maji yatokote, lipondwe kwa uma pamoja na mkate mkavu uliosagwa usio na sukari, hata liwe chenga, lisiwe uji. Chumvi na mafuta visitiwe. Ganda likikaushwa na kusagwa laini humfaa jike anayetaga. Choroko zilizoloweshwa zikaanza kuchipua ni njema pia, na karoti iliyoparuzwa. Parachichi, ambalo huko bara halikosekani mezani, ni sumu kwa ndege. Na yai likishakaa tunduni saa mbili liondolewe, kwani huharibika upesi, na makinda hawastahimili kilichochacha.

Hapo mavyaa wa binti yangu akaichukua simu. "Sheikh, wajukuu zangu nawagawia yai moja kwa wawili. Leo ndege ale lake zima? Si israfu hiyo?"

Sikuliona swali hilo kuwa la uchoyo. Ni swali la nyumba nyingi, na lilistahili jawabu la kisheria. Nilimkumbusha habari ya Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na kidege chake cha kuchezea, na Mtume (S.A.W.) akimwendea na kumuulizia habari za kidege kile. Mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, Ibn al-Qass, aliyefariki mwaka 335 Hijria, alitoa katika hadithi hiyo fupi faida 60. Wanavyuoni wameifahamu kuwa yaruhusu kumfuga ndege, kwa sharti alishwe. Na mkabala wake tunayo habari ya yule mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie, akaadhibiwa kwa sababu yake. Aliyefunga mlango wa tundu amejitwika nafaqa ya aliyemo. Mafakihi wamesema asiyeweza kumlisha mnyama wake na amuuze, na kwa maoni yangu kumpa mwenye uwezo ni sawa na hayo. Kumfungulia chiriku huyu aruke Githurai si rehema, maana hajui kujitafutia.

"Lakini yai zima ni nani aliyelitaja?" nikamwambia. Jozi yenye makinda wawili siku za mwanzo hutosheka na kijiko cha chai asubuhi na kingine alasiri. Kila yai la watoto likikatwa kipande kadiri ya ncha ya kidole, ndege wamepata na watoto hawakupungukiwa. Makinda wakishajitegemea, wakubwa hupunguziwe, mara 1 au 2 kwa wiki, isipokuwa wakati wa kupukutisha manyoya. Wakizidishiwa hunenepa na dume huacha kulia.

Makinda wawili waliobaki wamekua, na jirani ameomba mmoja. Naambiwa mavyaa hajakubali, mpaka amuulize kwanza kama nyumbani kwake huchemshwa mayai.