Nikimwita Doto



Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Julai, nilipanda basi kutoka Mbeya kwenda Iringa kumwona mdogo wangu. Alikuwa amejifungua mapacha. Kulwa aliishi siku mbili tu. Doto alikuwa mzima na ananyonya vizuri. Nilibeba mchele wa Kyela na unga wa ulezi kwa ajili ya uji wa mzazi, na njia nzima, Igawa, Makambako hadi Mafinga, nilikuwa napanga maneno ya kumfariji.

Nilimkuta ameketi jikoni karibu na moto, maana baridi ya Iringa mwezi huo si mchezo. Alikuwa akimtazama mtoto na kutabasamu, huku machozi yanamtoka. Nikamwambia upesi, "Usilie, mdogo wangu. Mshukuru Mungu, amekuachia mmoja. Wapo wasio na hata huyo."

Akafuta machozi. "Ni kweli, dada. Asante."

Tangu hapo hakumtaja tena Kulwa mbele yangu. Nikadhani nimemfariji.

Usiku wa tatu niliamka nikasikia mtu jikoni. Nilimkuta analia, amejiziba mdomo kwa khanga ili nisimsikie. Ndipo nilipotambua kosa langu. Uchungu sikumwondolea, nilimwondolea mahali pa kuulilia.

Nikaketi kando yake. Mistari ya Biblia nilikuwa nayo mingi, lakini nikaizuia. Nikamwuliza tu, "Kulwa alikuwaje?"

Alinitazama kwa muda. Kisha akasema, "Alikuwa na nywele nyingi kuliko mwenzake. Alinishika kidole, dada. Nikimnyonyesha Doto nafurahi hadi naogopa. Ziwa la pili likivuja, namkumbuka Kulwa. Kila anayekuja anataka nifurahi, au anataka nilie. Mimi yote mawili yamo humu humu."

Sikujibu kitu. Tulikaa hivyo hadi majogoo yakawika.

Baadaye nilisoma upya sura ya 11 ya Injili ya Yohana. Bwana Yesu alijua kwamba muda si mrefu Lazaro angetoka kaburini. Hata hivyo hakumwambia Mariamu anyamaze kwa sababu furaha inakuja. Alilia pamoja naye. Katika Ezra 3, msingi wa hekalu ulipowekwa, wazee waliolikumbuka hekalu la kwanza walilia kwa sauti, na wengine walipiga kelele za furaha, hata watu wasiweze kuzitenganisha sauti hizo. Hatusomi kwamba kuna aliyewakemea wazee wale. Na rafiki za Ayubu walifanya vema siku 7 walizokaa naye kimya; makosa yao yalianza walipofungua vinywa.

Ndugu fulani walishauri jina la Doto libadilishwe, ili mama asahau. Mdogo wangu alikataa kwa upole. "Nikimwita Doto," alisema, "nimewaita wote wawili." Leo Doto anasoma shule, anacheka sana, na jina lake ni lile lile.

Mama mwenzangu, ukienda kumwona aliyefiwa na mtoto, mchotee maji, mfulie nepi, mpikie uji. Mwulize habari za mtoto wake, kisha usikilize. Akicheka, cheka naye. Akilia dakika hiyo hiyo, usimwambie amekosa shukrani. Lakini ukiona siku zinapita hali, halali, hawezi kumhudumia mtoto, au anasema heri afe, usimwache peke yake. Mpeleke haraka kituo cha afya.

Mimi bado najifunza. Ulimi wangu ni mwepesi, na maneno ya faraja huja kabla sijaulizwa. Namwomba Bwana anipe masikio kwanza.