Bwana na Bibi Johnson Katika Njia ya Kaskazini

Mtu atokaye Meru au Timau kwenda kaskazini huona jambo la ajabu. Asubuhi yumo katika mashamba ya ngano na viazi, penye baridi na umande. Kabla ya jua kusimama utosini amekwisha teremka katika nchi kavu yenye miiba na mchanga, ambako ngamia hula majani ya migunga kando ya njia. Hapo penye mpaka wa nchi hizo mbili ndipo ulipo mji wa Isiolo. Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru hukutana katika soko lake, na tangu zamani watu wameuita mlango wa kaskazini.

Katika miaka ya 1920 ulikuwa mlango kweli, tena wenye bawabu. Serikali ya siku zile ilikuwa na sheria ya mwaka 1902 iliyoiwezesha kuzifunga wilaya za mbali, na nchi yote ya mpaka wa kaskazini ilifungwa hivyo. Mgeni hakupita pasipo ruhusa, wala mfanyabiashara hakupita pasipo cheti. Hata ng'ombe walikuwa na zuio lao, kwa maana palikuwapo hapo Isiolo kituo cha madaktari wa mifugo, na mifugo itokayo kaskazini ilikaa humo mpaka ijulikane kuwa haina maradhi, ndipo iuzwe kusini.

Miongoni mwa wageni wachache walioruhusiwa kupita walikuwapo mume na mke kutoka Marekani, Bwana Martin Johnson na Bibi Osa Johnson. Hawakuja kulima, wala kuhubiri, wala kutawala. Walikuja kutazama na kupiga picha za senema. Habari za safari zao zafaa kukumbukwa, maana kwa picha zao watu wengi sana wa Ulaya na Marekani waliiona Kenya kwa mara ya kwanza, na walichokiona kilitegemea macho ya watu hao wawili.

Martin alizaliwa mwaka 1884 katika jimbo la Illinois, akakulia Kansas, na Osa alizaliwa mwaka 1894 katika mji mdogo wa Chanute, huko huko Kansas, nchi ya ngano iliyo mbali sana na bahari. Tangu ujana wake Martin alishikwa na hamu ya kusafiri. Mwaka 1907 alipata kazi katika chombo cha mwandishi Jack London kilichokwenda visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Aliporudi akamwoa Osa mwaka 1910, naye msichana akiwa na umri wa miaka kumi na sita tu. Wakaenda pamoja visiwa vya kusini, kisha Borneo, na mwaka 1921 wakashuka bandarini Mombasa.

Nchi waliyoiona toka Mombasa ilikuwa kama nchi nyingi zilizoshonwa pamoja. Kwanza minazi na joto la pwani. Kisha gari la moshi likawachukua kupita nyika ya Taru na Tsavo, penye vumbi jekundu, hata wakatokea katika mbuga za Athi, ambako wanyama walilisha makundi kwa makundi karibu na reli. Nairobi ilikuwa mji mchanga bado, wenye umri wa miaka ishirini na zaidi kidogo. Huko wakafahamiana na Bwana Blayney Percival, aliyekuwa mkubwa wa kazi ya kuhifadhi wanyama. Yeye ndiye aliyewapa habari za kaskazini, na za ziwa lililo juu ya mlima wa Marsabit, katika shimo la volkano iliyozimika zamani, ambalo tembo huliendea kunywa maji.

Basi wakaifuata njia ya kuzunguka Mlima Kenya mpaka Meru, kisha wakateremka Isiolo. Nyuma yao waliacha mito ya maji baridi itokayo katika theluji. Mbele yao ulikuwa mto mmoja tu wa kutegemewa, Ewaso Ng'iro, wenye mikoma kandokando, upitao katika nchi kavu na kuishia katika kinamasi cha Lorian. Walipofika Archer's Post, kituo kilichopewa jina la Bwana Geoffrey Archer aliyekuwa mtawala huko, walikutana na wanyama wasioonekana kusini: punda milia mwenye milia myembamba na masikio makubwa, twiga mwenye madoa kama wavu, choroa mwenye pembe kama mikuki, na swala twiga asimamaye kwa miguu ya nyuma ili afikie majani ya juu.

Baada ya mto huo ilianza kazi ngumu. Kutoka Isiolo hata Marsabit ni maili zipatazo 160. Leo barabara ni ya lami mpaka Moyale, iliyomalizika katika miaka ya 2010, na basi huufikia mlima kabla ya nusu ya siku kwisha. Siku zile njia ilikuwa alama za magurudumu katika mchanga na mawe meusi. Ilikata makorongo makavu kama Merille, ikapita Laisamis, kisha ikaingia katika jangwa la Kaisut. Motakaa zilizama katika mchanga, na maji katika mitambo yake yalichemka. Mtu na ng'ombe na gari, wote walitaka maji yale yale machache. Mwenye kuhesabu vibaya mapipa yake hapo Archer's Post hakuwa na mahali pa kuyaongeza njiani.

Hata hivyo walifika, na walipouona mlima ukiwa na misitu na ukungu katikati ya jangwa, na ziwa lenye mayungiyungi likimeta chini ya ukuta wa miti, wakaliita Ziwa Paradise, yaani Ziwa la Peponi. Wakarudi kwao wakiwa na nia moja, kupata fedha za kutosha ili warudi kukaa.

Walirudi mwaka 1924, wakisaidiwa na George Eastman, mwenye kiwanda cha Kodak, na jumba kubwa la makumbusho ya viumbe lililoko New York. Safari hii walikuwa na motakaa, magari ya kukokotwa na wanyama, na wapagazi wengi. Wakajenga nyumba za miti na udongo zenye mapaa ya nyasi juu ya ukingo wa ziwa. Walikuwa na chumba cha giza cha kusafishia filamu, ghala, na bustani ya mboga. Tembo walipoigundua bustani hiyo walikuja usiku kula viazi vitamu vya Bibi Osa, jambo ambalo mkulima yeyote apakanaye na msitu atalielewa pasipo kufafanuliwa. Wakakaa huko karibu miaka minne, mpaka 1927.

Kazi yao waliigawana kwa namna ambayo watu wengi waliishangaa. Martin alisimama nyuma ya kamera iliyowekwa juu ya miguu mitatu, akizungusha mkono wake polepole. Osa alisimama kando yake na bunduki mkononi. Tembo au kifaru akija mbio, mume hakuacha kuzungusha, kwa kuwa picha iliyo bora ndiyo ile ya mnyama ajaye, na maisha yake aliyaweka katika shabaha ya mke wake. Kwa siku zile, ambapo wanaume wengi wa Ulaya waliwaacha wake zao Nairobi, hilo halikuwa jambo dogo. Osa mwenyewe nusura afe, si kwa pembe ya kifaru bali kwa baridi. Walipokwenda kupiga picha Mlima Kenya aliugua vibaya mapafu, na Martin akaingiwa na hofu ambayo wanyama hawakupata kumtia.

Lakini msomaji wa Isiolo au Marsabit asomaye vitabu vya watu hao huona jambo lingine, ambalo waandishi wenyewe walilipita haraka. Waliandika kana kwamba wao ndio walioligundua lile ziwa. Kumbe Waborana, Warendille na Wasamburu walilijua tangu enzi za mababu zao, na walinywesha mifugo yao katika mlima huo. Hata katika wageni, Mmarekani mwingine, Arthur Donaldson Smith, alikuwa amekwisha pita Marsabit mwaka 1895. Vilevile katika mlima huo vipo visima virefu, ambapo Waborana husimama mmoja juu ya mwingine wakipokezana ndoo kwa wimbo hata maji yafike juu kwa ng'ombe. Visima hivyo havikuchimbwa na watu waliokuwa wakingoja kugunduliwa.

Kadhalika wale waliobeba mizigo. Mapipa ya maji, makasha ya filamu, vipande vya motakaa, hata vyombo vya mezani, vyote vilipita Isiolo kwa nguvu za ng'ombe na migongo ya watu. Martin aliandika kwa heshima habari za mzee mmoja aliyemwita Boculy, aliyesoma nyayo za tembo kama karani asomavyo barua, akajua kundi lilipita lini na limeelekea wapi. Pasipo mzee huyo picha nyingi za tembo zisingalipatikana. Lakini wengi wa wapagazi hawana hata jina moja katika vitabu hivyo, na baadhi ya filamu zao ziliwafanya Waafrika kuwa kichekesho cha watazamaji wa mbali. Senema iliyoitwa Simba ilitoka mwaka 1928. Watu wa New York waliowacheka watumishi ndani yake hawakujua ni nani waliovusha kamera ile katika mchanga wa Kaisut.

Neno hilo halisemwi ili kuwaondolea sifa yao. Walikuwa hodari, walivumilia kiu na homa, na waliipenda nchi. Tena walitambua mapema kwamba makundi yale ya wanyama yangeweza kupungua, wakataka picha zao zibaki kama ushahidi. Katika hilo hawakukosea. Vifaru waliowapiga picha katika nchi ya Marsabit waliangamizwa na majangili katika miaka ya baadaye. Na tembo maarufu wa mlima huo, Ahmed, mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, ilibidi Rais Jomo Kenyatta amlinde kwa amri maalumu mwaka 1970. Alikufa kwa uzee mwaka 1974, na mfano wake umesimama katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Mwaka 1933 wale mume na mke walirudi tena Afrika, na safari hii hawakuhitaji kungoja motakaa ikwamuliwe mchangani. Walijifunza urubani kwao, wakaja na ndege mbili ziwezazo kutua nchi kavu na majini. Moja ilipakwa milia kama punda milia, na nyingine madoa kama twiga. Wakaanzia Cape Town kuelekea kaskazini, wakaruka kando ya kilele cha Mlima Kenya, wakafika Ziwa Rudolf, ambalo siku hizi huitwa Ziwa Turkana. Nchi iliyowachukua majuma kuivuka toka Nairobi sasa waliivuka kwa saa chache. Lakini mtu arukaye juu hasikii wimbo wa visima, wala halazimiki kuomba maji kwa mtu yeyote. Filamu ya safari hiyo, Baboona, ilionyeshwa mwaka 1935.

Miaka miwili baadaye ukaja mwisho wao. Tarehe 12 Januari 1937 ndege ya abiria waliyopanda iligonga mlima California, karibu na mji wa Burbank. Martin alifariki siku ya pili yake. Mtu aliyesimama mara nyingi mbele ya tembo mwenye hasira alikufa katika nchi yake, akiwa abiria aliyelipa nauli. Osa aliumia lakini akapona. Mwaka ule ule alirudi Afrika ya Mashariki kusaidia kazi ya senema, safari hii pasipo mumewe, na mwaka 1940 akatoa kitabu cha maisha yao kilichosomwa na watu wengi mno Marekani. Alifariki New York mwaka 1953.

Katika mji wa Chanute alikozaliwa Osa ipo nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa mwaka 1961, ambamo picha na vyombo vyao vimehifadhiwa. Mtoto wa Kansas aweza kuingia humo akaona Isiolo, Archer's Post na Marsabit kama zilivyokuwa karibu miaka mia moja iliyopita. Mzee wa Isiolo naye angeweza kuzitazama picha zile zile kwa namna nyingine, akitafuta nyuma ya tembo na nyuma ya bibi mwenye bunduki uso wa babu yake chini ya mzigo.

Ziwa lingali mahali pake. Miaka ya ukame hupungua hata likakauka, na mvua zikinyesha vizuri hujaa tena. Tembo bado huliendea, na ukungu wa asubuhi bado huufunika ukuta wa miti. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wa kaskazini waliwapa wageni hao njia, maji na nyayo za kufuata. Wageni nao waliwaachia picha. Inafaa watoto wa Isiolo wazione picha hizo, na wakae karibu na wazee wawezao kuwaambia majina ambayo vitabu viliyaacha.