Uso Nyuma ya Chuma

Wako watu waipendao sanaa kwa sababu ya kile iwaleteacho, na wako waipendao hata inapowaletea hasara tupu. Si rahisi kuwatambua wakati wa neema, maana wakati huo wote huimba kwa furaha moja. Tofauti yao hudhihiri siku mlango wa soko unapofungwa. Daniel Dumile, mghani wa hip hop aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la MF DOOM, alifungiwa mlango huo angali kijana, na mwenendo wake baada ya hapo wastahili kutazamwa.

Alizaliwa London mwaka 1971, baba yake akiwa mtu wa Zimbabwe na mama yake wa Trinidad, akalelewa Long Island karibu na jiji la New York, ambako hip hop ilikuwa ikikua pamoja na watoto wa rika lake. Jina Dumile ni la Kinguni. Kitenzi kilichomo ndani yake hutumika kwa ngurumo ya radi na pia kwa sifa ya mtu ienezwapo, sawasawa na Kiswahili kisemavyo kuvuma. Basi aliitwa Amevuma kabla hajatamka neno. Tangu utoto alichezesha santuri, kisha akaunda kundi la KMD pamoja na mdogo wake, DJ Subroc. Mwaka 1991 walitoa Mr. Hood chini ya kampuni kubwa ya Elektra.

Mwaka 1993, santuri ya pili ikikaribia kwisha, Subroc aligongwa na gari akivuka barabara kuu huko Long Island, akafa. Kaka mtu alibaki na sauti ya marehemu katika kanda, akaimaliza kazi peke yake. Msomaji na apime mwenyewe uzito wa siku zile: kuketi chumbani, kuirudisha kanda nyuma, na kumsikia aliyezikwa akisema tena. Mwaka 1994 kampuni ikakataa kuitoa kazi hiyo, kwa sababu ya ubishi juu ya jalada lililoonyesha kikaragosi cha mtu mweusi kikinyongwa. Kilichonyongwa pale kilikuwa dhihaka yenyewe waliyotungiwa watu weusi. Lakini wenye fedha aghalabu huogopa picha kabla ya kuuliza maana yake. Mkataba ukavunjwa.

Miaka iliyofuata alikuwa karibu kukosa makao, akilala pengine juu ya mabenchi ya Manhattan. Apendaye muziki kwa ajili ya ujira angaliacha hapo, wala hapana ambaye angalimlaumu. Yeye alirudi. Kiasi cha mwaka 1998 alisimama katika Nuyorican Poets Cafe, ukumbi wa washairi huko Manhattan, akaghani hali amejivika soksi ndefu ya kike usoni. Soksi ilifuatwa na barakoa ya chuma, mfano wa ile ya Doctor Doom, adui maarufu katika hadithi za picha za Marekani. Mwaka 1999 akatoa Operation: Doomsday kwa kampuni ndogo sana, Fondle 'Em, midundo mingi akiitunga kwa mkono wake.

Barakoa ile haikuwa mzaha mtupu. Dumile alieleza kwamba watu walikuwa wakitazama sura ya mghani kuliko kusikiliza maneno yake, naye alitaka masikio, si macho. Na maneno yake yalihitaji masikio hasa. Mzoefu wa mashairi ya Kiswahili, aliyelelewa na vina vya kati na vya mwisho, angaliona kwake jambo asilolitarajia: vina vilivyosongamana ndani ya mstari mmoja, silabi tatu au nne zikijibu silabi tatu au nne, mpaka maana yapita kabla msikilizaji hajaikamata, akalazimika kurudia. Katika Madvillainy ya mwaka 2004, aliyoitunga na Madlib, mna nyimbo 22 katika dakika 46 hivi, nyingi hazina kiitikio. Kabla ya kutoka, nakala yake isiyokamilika ilivuja ikasambaa katika intaneti. Mwingine angaliitoa vivyo hivyo. Yeye alirudia kughani sehemu kubwa kwa sauti nzito na ya taratibu zaidi, na sauti hiyo ndiyo iliyobaki masikioni mwa watu.

Hakukosa lawama. Katika baadhi ya maonyesho alimpeleka mtu mwingine avae barakoa na kuigiza mahali pake. Mashabiki wengine walicheka, lakini aliyelipa kiingilio akapewa chuma bila mtu ndani yake alidhulumiwa, hata kama hoja juu ya uso ilikuwa ya kweli.

Mwaka 2010 alizuiwa kurudi Marekani, kwa kuwa hakupata kuwa raia wake, akatengwa na familia yake kwa muda. Huko Uingereza aliendelea kurekodi na wenziwe. Alikufa mjini Leeds tarehe 31 Oktoba 2020, umri wake miaka 49. Mkewe alitangaza habari hiyo tarehe 31 Desemba. Kwa miezi miwili watu walikuwa wameisikiliza sauti yake wakidhani yungali hai.