Mama Alipotaka Kuiona Njia

Mama yangu alipomaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi, tulimuuliza anataka nini. Dada yangu alidhani atataka doti za kanga mpya na buibui. Mimi nilidhani atasema Umra. Yeye alinyamaza, akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi, kisha akasema, "Nataka kuiona ndia ya babenu."

Marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa basi baina ya Mombasa na Malindi kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliondoka kabla ya jua, akarudi baada ya Isha. Mama naye ameipita njia hiyo mara nyingi, kama walivyoipita wanawake wengi wa mwambao: kwa mazishi ya Kilifi, kwa harusi ya Malindi, kwa maulidi ya Mambrui. Lakini katika safari za namna hiyo mtu haoni njia. Ukienda msibani una machozi. Ukienda harusini una sinia la vitumbua juu ya magoti na mtoto wa jirani begani. Na mara zote mbili gari limejaa na mwenye gari ana haraka. Katika umri wake wa miaka 67, Mama hakuwahi kushuka garini baina ya Mtwapa na Malindi ila kwa haja.

Kaka yetu mkubwa hakupendezwa. "Watu watasema nini? Kizuka ametoka juzi, leo yuko Gede anatazama magofu?" Hakusema kwa ubaya. Tangu baba afariki alikuwa amejitwika kulilinda jina la nyumba yetu, na mzigo huo ulimlemea. Nilimwendea mwalimu wetu wa darsa ya wanawake, naye akanijibu kwa ufupi: eda ina mwanzo na ina mwisho, na mipaka hiyo imewekwa na Mola wala si na majirani, aliyeimaliza ameimaliza, na yaliyobaki ni adabu za safari kama za msafiri mwingine yeyote. Nikampelekea kaka jibu lile. Hakulikubali wala hakulikataa. Alisema tu kwamba yeye hatakuja.

Nikaketi kupanga, na nakiri kwamba nilipanga kama mtu ajiandaaye kwa mtihani. Niliandika mahali kumi kwa siku mbili: Jumba la Mtwana, Takaungu, Mnarani, Watamu, Gede, bustani ya vipepeo, msitu wa Arabuko-Sokoke, Malindi, korongo la Marafa, na Mambrui. Mume wangu, ambaye ndiye angeendesha gari na ambaye kwa Mama ni mkwe na maharimu wake, aliisoma orodha yangu akacheka. "Hii si matembezi," akasema, "hii ni kufukuzwa."

Tukaanza kufuta. La kwanza kutoka lilikuwa Marafa. Korongo lile la udongo mwekundu na mweupe hupendeza mno jua linaposhuka, lakini liko bara, na joto lake la mchana si la mtu mwenye magoti mabovu. Jumba la Mtwana tuliliacha kwa kuwa liko karibu na Mtwapa, na anayekaa Mombasa anaweza kwenda alasiri moja, akautazama msikiti wake wa kale ulio kando ya bahari, akarudi kwake kabla ya Magharibi. Watamu ilifutwa na watoto wakalia. Yakabaki manne: Kilifi, Gede, Malindi na Mambrui, na usiku mmoja wa kulala Malindi. Dada yangu msomaji, ukipanga safari na mzee, hesabu vituo kwa magoti yake na si kwa macho yako. Hilo nililijifunza kwa kufuta.

Tulichagua mwezi wa Januari, kaskazi inapovuma na embe zimejaa masokoni. Masika yakianza, mto Sabaki hushusha udongo mwekundu hadi bahari ya Malindi ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Nilipiga simu mapema kuulizia msikiti wenye mahali pa wanawake, maana si kila msikiti wa njiani unapo, na kumtafutia mama yako pa kuswali adhana ikiwa imekwisha ni adhabu. Tulichukua miswala miwili, kopo la maji ya kutawadhia, na vitambulisho vya sote, kwa kuwa kwenye majengo ya makumbusho raia hulipa kiingilio nafuu kuliko mgeni.

Chakula kilizua mjadala. Mimi nilitaka tununue kila kitu njiani ili Mama apumzike. Hakutaka kusikia. Usiku ule aliukanda unga wa mahamri mwenyewe, akatia iliki na tui, akaufunika kwa kitambaa. Na kabla ya Alfajiri nilisikia mafuta yakilia jikoni. Nilisimama mlangoni nikamtazama. Miaka ishirini na zaidi alikuwa akiamka saa hiyo kumkaangia baba, na tangu msiba hakuwahi kuwasha jiko kabla ya jua. Sikusema neno. Nilichukua chungu cha mbaazi nikakifunga. Mbaazi za nazi, kwa faida ya asiyejua, hazingojei jua kali: ziliwe kabla ya saa tatu au zibaki nyumbani.

Tukaswali, tukasoma dua ya safari, tukaondoka. Tulivuka daraja la Nyali mji ukiwa bado umelala, na tukapita Mtwapa kabla ya msongamano wake haujaamka. Kwenye mteremko wa kuelekea darajani Mama alimuuliza mume wangu, "Hapa babake alikuwa akitia gea ya ngapi?" Gari letu hujibadilisha gea lenyewe, na maskini mume wangu akababaika kama mwanafunzi aliyeulizwa asilolisoma. "Ya pili, Mama," akasema hatimaye. Mama akaridhika.

Baada ya hapo nchi hufunguka. Vipingo kuna mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa safu zilizonyooka, na katikati yake mibuyu imesimama, mingine minene kuliko chumba. Watoto walihesabu mibuyu hadi wakagombana juu ya idadi. Mama alikuwa kimya. Tulipokaribia Kilifi alisema, "Hapa nishusheni."

Nilikuwa nimepanga tupande Mnarani, kwenye misikiti ya kale na kaburi la mnara lililoupa mtaa jina. Lakini ngazi za kule ni nyingi, naye hakuwa na haja nazo. Alitaka pale chini, kwenye maji, pale ilipokuwa ikisimama feri. Kwa hivyo tuliacha barabara kuu upande wa Mnarani, tukateremka kwa njia ya zamani hadi ikaishia kwenye ghuba. Tukatandika mkeka chini ya kivuli, tukafungua mahamri.

Watoto wetu hawajui kwamba Kilifi palikuwa na feri. Hadi mwaka 1991, daraja lilipofunguliwa, kila gari la Malindi lilisimama pale. Abiria walishuka, wakangoja, wakavuka kwa miguu yao ndani ya feri pamoja na basi, wakapanda tena ng'ambo. Na penye kungoja pana biashara: madafu, embe, muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, na zaidi ya vyote korosho, kwa kuwa Kilifi ni nchi ya mikorosho.

"Kila siku alinilitea korosho," Mama alisema. Hakuwa akisema nasi hasa. Alikuwa akiyatazama maji. "Zimefungwa karatasi, na karatasi ina mafuta. Nyinyi mulikuwa mumelala. Tulikuwa tukila sote wawili, hatusemi kitu, yeye amechoka na mimi nimechoka. Halafu likafunguliwa daraja, korosho zikakoma."

Nilikuwa na miaka tisa wakati huo. Sikumbuki korosho wala kukoma kwake.

"Nilimwambia, siku hizi hunikumbuki. Akaniambia, daraja halina mahali pa kusimama, na abiria wana haraka. Sikumwamini. Nilinuna mwezi mzima. Nikasema moyoni, mtu akitaka kusimama husimama."

Akanyanyua uso akalitazama daraja lililokuwa juu, mbali na sisi. Likapita basi. Halikuchukua muda wa kuhesabu hadi ishirini, likatoweka ng'ambo. Mama akangoja. Likapita la pili, kisha lori, kisha basi la tatu. Chai ikapoa mkononi mwake.

"Alisema kweli," akasema. "Hawasimami."

Tulikaa pale zaidi ya saa moja na nusu. Katika ratiba yangu nilikuwa nimeandika dakika ishirini.

Gede tulifika jua likiwa limepanda, lakini kule kuna miti mikubwa na kivuli kizito, na kima wanaomnyemelea kila mwenye mfuko, basi msiingie na ndizi mkononi. Mji huu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, na ni haki yake. Hapo wameishi Waislamu wa pwani hii karne nyingi kabla yetu: kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399, kuna Msikiti Mkuu na kisima chake na mahali pa kutawadhia, kuna jumba la kifalme, na nyumba zenye vyoo vya ndani, ambavyo ndivyo vilivyowastaajabisha wanangu kuliko yote. Mama alipofika kwenye Msikiti Mkuu alivua viatu, japokuwa hauna paa na sakafu yake imejaa majani makavu. Watoto wakamtazama, wakavua vyao.

Aliuliza waliokaa pale walikwenda wapi. Nikamweleza wanayoyataja wataalamu: visima kupungukiwa maji, na mashambulizi ya nyakati zile, hadi mji ukaachwa mwanzoni mwa karne ya kumi na saba. Mama aliinama akachungulia kisimani. "Maji yakikauka, hata mapenzi ya mji hayakuweki," akasema, na akaomba tukae kidogo kabla ya kurudi garini.

Malindi ilianza kwa kosa langu. Sikuagiza chakula mapema. Mkahawa tulioingia ulituahidi samaki wa kupaka kwa nusu saa, na tukangoja karibu saa mbili. Tukaenda kuswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, tukarudi, na samaki bado. Alipokuja, nakiri, alikuwa changu mzima aliyechomwa vizuri, na tui lake zito lenye ukwaju, na wali wa nazi juu yake hapana neno. Lakini watoto walikuwa wamekwisha kujaza matumbo kwa viazi vya karai. Mwenye akili atapiga simu akiwa Gede.

Jioni, joto lilipopungua, tulitembea hadi kwenye makaburi ya minara yaliyo kando ya msikiti wa kale karibu na bahari. Nguzo ya Vasco da Gama sikuitia katika orodha. Hata hivyo iliwaonekea watoto kwa mbali, nyeupe juu ya mwamba, wakataka kujua. Nikawaeleza kwamba Mreno huyo alifika hapa mwaka 1498, na mfalme wa Malindi akampa rubani wa kumwongoza hadi Bara Hindi. Mama akauliza, "Na huyo aliyemwonyesha ndia, kajengewa nguzo gani?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Tukaenda kula halua kwa kahawa chungu.

Siku ya pili tulivuka Sabaki kwenda Mambrui kwa binamu yake Mama, aliyetupokea kwa mkate wa sinia na chai, na kwa kilio, kwa kuwa hawakuonana tangu mazishi. Tulilitazama kaburi la mnara la pale kwa haraka. Wazee wawili walikuwa na yao ya kuzungumza, na mume wangu akawachukua watoto kwenye vilima vya mchanga vilivyo kando ya bahari.

Tulipokuwa tukirudi, Mama hakulala njia nzima. Kilifi mjini alimsimamisha mume wangu kwa muuzaji wa korosho, kijana mdogo, akapatana naye bei kama mtu aliyekuwa na akiba ya miaka mingi ya kupatana. Korosho zilikuwa ndani ya vifuko vya plastiki. Aliomba gazeti la zamani, akazimimina, akazifunga upya kwa karatasi, mafurushi mawili.

Kaka yetu alikuwa kwenye baraza tuliposhuka. Alisema amepita tu, ingawa viatu vyake vilikuwa vimevuliwa na kikombe cha chai kando yake kilikuwa kitupu. Mama hakumwambia lolote la safari. Alimtia furushi moja mkononi. Kaka akalishika, akayatazama madoa ya mafuta kwenye karatasi, akalifungua taratibu, akala moja.

"Zina chumvi kidogo kuliko zile," akasema.

"Wewe zile umezijulia wapi?" Mama akamuuliza. "Si ulikuwa umelala?"

"Sikuwa nimelala," kaka akasema, akamsogezea nafasi barazani.