Mkwaruzo na Ufa

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kijana yule alikuwa ameiandika methali hiyo mara nyingi tangu shule ya msingi. Ameieleza maana katika mitihani, ameitungia visa, na chuoni, akiwa mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu, ameijadili kama mfano wa hekima ya jamii. Hakuwahi kuitilia shaka hata siku moja. Iliyomtia shaka ni rimu ya gari, chini ya mwembe mmoja kando ya barabara ya kuelekea Isebania, mjini Migori, katika likizo ya Agosti mwaka wa 2025.

Gari lenyewe lilikuwa la mjomba wake. Lilikuwa Subaru Impreza ya buluu yenye rimu za rangi ya dhahabu, na yeyote aliyefuatilia mbio za magari anaujua mvuto wa rangi hizo mbili zinapokutana. Subaru za buluu na dhahabu ndizo zilizowapa Colin McRae ubingwa wa dunia mwaka wa 1995, Richard Burns mwaka wa 2001 na Petter Solberg mwaka wa 2003. Nchini Kenya, Patrick Njiru aliliendesha Subaru katika Safari Rally za miaka ya tisini hata jina la gari hilo likawa wimbo vinywani mwa watoto. Safari Rally iliporudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, kule Naivasha, baada ya kukosekana tangu mwaka wa 2002, mapenzi hayo yalifufuka upya. Mjomba alikuwa mmoja wa watoto hao waliokua. Alilinunua gari lake likiwa limekwisha kutumika, akalitunza kama mboni ya jicho. Aidha, ndiye aliyekuwa akimlipia kijana karo.

Siku ya Jumanne mjomba alisafiri kwenda Nairobi kwa basi, akamwachia mpwa wake ufunguo kwa sharti moja: ampelekee nyanya dawa zake Homa Bay, kisha arudi. Kijana aliondoka asubuhi. Alipita Awendo, penye mashamba ya miwa yanayolisha kiwanda cha Sony, akafika Rongo na kuiacha barabara kuu ya Kisii, akapinda kushoto kuelekea Rodi Kopany hadi ziwa lilipojitokeza mbele yake, pana na kimya. Dawa zilifika salama. Lakini ujana una mambo yake. Badala ya kurudi moja kwa moja, aliingia mjini Homa Bay, mji ambao miezi miwili tu iliyotangulia ulikuwa mwenyeji wa sherehe za kitaifa za Madaraka, akataka kuliegesha gari mahali ambapo watu wangeliona. Alilisogeza karibu mno na ukingo wa barabara. Kukasikika mlio wa chuma kikisagwa na jiwe. Magurudumu yote mawili ya kushoto yakawa yamechunika midomo.

Njia nzima ya kurudi hakuwasha redio. Mjomba angerudi Jumamosi. Kijana alikuwa na siku tatu na akiba ndogo ya pesa za matumizi. Akaazimia kuufuta ushahidi kabla ya mwenye mali kurejea.

Fundi aliyeelekezwa kwake alikuwa mzee wa Kikuria aliyejifunzia ufundi Musoma, ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili chake kilikuwa na mtiririko wa huko. Kijana alisema "rimu", mzee akasema "ringi", wakaelewana bila kamusi.

"Shikamoo, mzee. Nataka zirudi kama zilivyokuwa," kijana alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kama zilivyokuwa lini?" mzee aliuliza.

Kijana hakulielewa swali hilo wakati huo.

Mzee alianza na gurudumu la nyuma. Aliliosha kwa sabuni na brashi hadi vumbi la breki likaisha, akalivua tairi, akaipangusa rimu kwa thina ili kuondoa mafuta yote. Kisha akachukua tupa, akazikata kwa upole ncha kali zilizoinuliwa na jiwe. Baada ya tupa ulikuja msasa: kwanza ule mkavu wa namba 120, kisha 240, kisha 400 uliolowekwa majini. Kila mara mzee alifumba macho na kupitisha kidole juu ya mkwaruzo. Alisema jicho hudanganywa na mng'ao lakini kidole hakidanganyiki. Palipobaki vishimo alipaka pati nyembamba, akaiacha ikauke, akaisugua tena. Ikafuata praima, halafu rangi ya dhahabu iliyopulizwa mara tatu kwa tabaka nyepesi, na mwishowe vanishi. Matundu ya nati na uso unaokaa juu ya kikombe cha ekseli aliufunika kwa karatasi. Rangi nene ikiingia hapo, alieleza, husagika gari likitembea, na nati hulegea.

Kijana alitazama kwa furaha. Gurudumu lilikuwa limepona, na moyo wake nao ulikuwa umeanza kupona.

Furaha hiyo ilikoma gurudumu la mbele lilipovuliwa tairi. Mzee aliigeuza rimu, akatazama mdomo wake wa ndani, upande ule unaoelekea chini ya gari ambao mwenye gari haoni kamwe. Alinyamaza. Akaupaka mafuta ya taa, akangoja kitambo, akaupangusa ukawa mkavu, kisha akausugua kwa chaki. Baada ya dakika chache mstari mwembamba uliolowa ulijichora wenyewe juu ya weupe wa chaki, urefu wa kidole kimoja. Mafuta yalikuwa yamejificha ndani ya ufa, na sasa chaki ilikuwa ikiyanyonya yatoke.

"Huu haukutoka Homa Bay," mzee alisema. "Jiwe la ukingo hukwaruza nje. Huu ni wa shimo la barabarani, na si wa juzi. Tazama weusi uliomo."

Kijana aliuliza kama pati haingetosha. Ufa ulikuwa ndani, rangi ingepita juu yake, nani angejua? Na wahenga hawakusema ufa uzibwe?

Mzee aliweka chaki chini. "Waliousema huo walikuwa wanajenga nyumba ya udongo, mwanangu. Udongo ukizibwa unashikana. Hii ukiiziba kwa pati umeificha tu. Mkwaruzo ni wa uso, nitautengeneza. Ufa ni wa moyo. Sitaupaka rangi."

Kijana akataja kulehemu. Mzee alikiri kwamba wapo wanaolehemu, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi. Lakini rimu za spoti si za chuma cha kawaida. Ni aluminiamu iliyochanganywa na silikoni na magnesi kidogo. Aluminiamu ina uzito wa takriban thuluthi moja ya chuma, na ndiyo sababu magari ya mbio huipenda. Kiwandani, rimu nyingi za aina hiyo hupashwa moto kupita nyuzi 500, hupozwa ghafla, kisha hupashwa tena taratibu ili zipate nguvu. Moto wa kulehemu huivuruga kazi hiyo yote pale unapogusa. Fauka ya hayo, chuma huwa chekundu kabla ya kuyeyuka na kumwonya fundi, ilhali aluminiamu haibadiliki rangi. Huyeyuka ghafla mbele ya macho. Rimu iliyolehemiwa mdomoni inaweza kushika upepo mwezi mzima, kisha ikapasuka kwenye mteremko gari likiwa na watu watano.

Watu watano. Kijana aliwahesabu bila kupenda. Kila Jumapili mjomba alilijaza gari lile mkewe na watoto watatu kwenda kanisani.

Hapo ndipo uchaguzi ulipokuwa. Angeweza kulipa gharama za rangi, kwenda kwa fundi mwingine mwepesi wa pati, na Jumamosi kumkabidhi mjomba gari linalong'aa. Au angeweza kupiga simu na kujishtaki. Alikaa juu ya tairi kuukuu hadi kivuli cha mwembe kikamhama. Hatimaye alipiga.

"Nera," alianza, kwa neno la Kijaluo analoitwa mjomba, kisha akaeleza yote: kuegesha, ukingo, fundi, chaki, ufa.

Upande wa pili kulikuwa na kimya kirefu. Mjomba alipozungumza, hakufoka.

"Okewa," alisema, "gurudumu hilo nalijaza upepo kila Jumapili tangu Pasaka. Nililitumbukiza shimoni usiku. Nilijiambia ni valvu." Akakohoa. "Nilikuwa naogopa kumwonyesha fundi, maana nilijua atakachosema."

Basi waliokuwa wakificha walikuwa wawili, na aliyekuwa mdogo ndiye aliyetangulia kusema.

Rimu nyingine iliyotumika ilipatikana Kisii, ya kipimo kilekile lakini ya rangi ya fedha. Mzee aliikagua kwa chaki ndani na nje kabla ya kuifunga. Alikaza nati kwa mfumo wa nyota, moja na ile inayoikabili, akasisitiza zikaguliwe tena baada ya mwendo wa Homa Bay, yaani kilomita kama sabini. Kuhusu ile yenye ufa, aliiweka juu ya jiwe na kuipiga nyundo hadi ikavunjika vipande viwili. Alisema akiiuza nzima kuna mtu atakayeipaka rangi. Vipande vingeenda kwa wayeyushaji, vikawa sufuria.

Kijana alijitolea kulipia rimu ile mpya ipakwe dhahabu ifanane na wenzake. Mjomba alikataa. Hadi leo gari hilo lina magurudumu matatu ya dhahabu na moja la fedha, na vijana wa stendi hucheka linapopita. Jumapili watu watano hupanda, mlango hufungwa, na hakuna anayetoka kwanza na pampu.