Garimoshi la Wenyewe



Mhariri ameniomba maneno machache juu ya burudani za wazee. Hapa Shisanhang soko la nguo huamka alfajiri na kwisha mchana. Vijana wakirudi hujilaza, nasi wazee hubaki na wajukuu. Wangu huwaonyesha The Titfield Thunderbolt, filamu ya vichekesho ya Waingereza ya mwaka 1953.

Kisa chake ni hiki. Serikali yataka kufunga reli ndogo ya kijijini. Wenye basi wanafurahi, maana abiria wote watakuwa wao. Padri na wenzake wanakataa; wanapata kibali cha majaribio cha mwezi mmoja, wakaendesha treni wenyewe. Tajiri mmoja anatoa fedha kwa sababu ya baa tu, kwani ile ya treni yaweza kufunguliwa mapema kuliko ya kijijini! Kichwa cha garimoshi kinapoangushwa kwa hila, wanatoa cha kale kutoka jumba la makumbusho. Hicho, kwa jina lake la kweli Lion, kiliundwa mwaka 1838.

Wapenzi wa reli wa Uingereza wanaienzi filamu hii, na si kwa moshi wake tu. Hadithi yake ilitokana na reli ya Talyllyn huko Wales, iliyookolewa na watu wa kujitolea mwaka 1951, ya kwanza duniani kwa namna hiyo. Mpaka leo yaenda. Lakini reli iliyopigiwa filamu, karibu na Bath, haikupata wa kuitetea, iling'olewa.

Sisi wa Unguja twakijua kisa hicho kwa upande wake mchungu. Reli ya Bububu ilianza mwaka 1905, ikapita katikati ya mitaa ya mji. Kabla ya 1930 ilikuwa imekwisha. Bibi yangu aliipanda udogoni. Baba alisikia habari zake. Mimi nimebakiwa na jina. Hapa Shisanhang vilevile: majumba ya biashara ya wageni yaliungua mwaka 1856, likabaki jina.

Nayasema haya kwa sababu ya darasa letu la Kiswahili la Jumapili. Familia nyingi zimerejea nyumbani, na watoto waliobaki hawajazi hata mkeka mmoja. Wako wasemao tulifunge, watoto watajifunza kwa simu. Simu itawafundisha maneno. Haitawajua bibi zao.

Wanakijiji wale hawakungoja wapate vyeti vya reli. Walijifunza kazini, wakigombana na kucheka. Basi nasi hatuhitaji walimu wenye shahada. Ajuaye hadithi moja, au kupika kachori huku akitaja kila kiungo kwa jina lake, aje.

Kila mwezi nitashika Jumapili ya kwanza. Zimebaki tatu.