Nyumba Yetu Ikiwa Rehani

Nimeombwa niandike juu ya imani, nami nitaandika juu ya deni, maana kwa karibu miaka miwili hivyo viwili vimekaa kwangu nyumba moja.

Nehemia sura ya 5 huwa tunaipita haraka, kwa kuwa tunataka kufika kwenye kumaliza ukuta. Lakini katikati ya ujenzi ule kuna kilio, na wanawake wametajwa wazi kwamba walilia pamoja na waume zao. Watu wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Nehemia hakuwaambia waombe tu. Alikasirika, akawakabili wakubwa waliokopesha, akaitisha mkutano, akadai mashamba na nyumba zirudishwe siku ile ile.

Huku Bukiriro neno rehani wazee wetu walilijua kwa kulisoma kuliko kwa kuliishi. Aliyebanwa aliuza mbuzi, au aliuza kahawa ikiwa bado maua mtini, ile biashara ya butura ambayo serikali imeikataza na bado watu wanaifanya jioni jioni. Siku hizi kuna hatimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kwa karatasi ile mtu anaweza kupata mkopo. Mume wangu na mimi tulipeleka yetu kwa wakopeshaji, tukapewa shilingi milioni 8, tulipe kwa miezi 48. Milioni 3 ziliingia kwenye bati, saruji na madirisha. Milioni 5 zilinunua mashine ya kusaga na kukoboa. Nilisaini nikiwa na akili timamu. Bati zile zinatukinga mvua mpaka leo, wala sioni sababu ya kuzionea haya.

Mwaka wa pili mume wangu alihama. Yaliyotutenganisha sitayaandika hapa, yana watoto ndani yake. Aliondoka na mashine, akaifunga senta nyingine. Marejesho yalikuwa shilingi 240,000 kila mwezi, na tarehe haikujua kwamba baba hayupo.

Ukoo ulikaa. Baba mdogo wa mume wangu alisema neno ambalo kila mtu alilipenda: aliyebeba mashine abebe na deni. Nililipeleka neno hilo kwa ofisa mikopo. Akanisikiliza kwa adabu, akageuza jalada upande wangu, akaniambia, "Mama, sisi tunaona sahihi mbili na nyumba moja."

Kanisani waliniombea turudiane. Sikukataa, na hata sasa sikatai. Ila maombi ya kurudiana hayana tarehe, na marejesho yana tarehe 25. Aliyenisaidia kwanza alikuwa mama mmoja mzee wa kwaya, aliyekuja na ndizi zake kichwani, akakaa, akauliza, "Unadaiwa shilingi ngapi, na nyumbani una nini?" Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba hilo la pili ndilo swali la Elisha kwa yule mjane katika 2 Wafalme 4, aliyekuwa anatishiwa kunyang'anywa wanawe wawili. Tunapenda kuhubiri mafuta yalivyoongezeka. Nadra nimesikia ikihubiriwa kwamba vyombo viliazimwa kwa majirani, na kwamba alipopata, aliagizwa alipe deni kwanza, yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki.

Yule mama akanipeleka kwa msaidizi wa kisheria. Hapo nilijifunza mambo ambayo ningependa kila aliyefunga ndoa kati yetu ayajue. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya familia au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo, kifungu cha 114, inamtaka mkopeshaji ahakikishe kwamba ridhaa hiyo ipo. Mke ambaye hakusaini ana mlango wa kutokea. Mimi nilisaini, kwa hiyo mlango huo haukuwa wangu.

Ulikuwepo mwingine, na nambari yake inafanana na ile: kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Mahakama inapogawa mali baada ya kuamuru utengano au talaka, hutazama mila za watu, mchango wa kila mmoja, mahitaji ya watoto, na pia madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili. Kuhusu mchango, Mahakama ya Rufani ilisema tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu, kwa sababu za shauri lake, lakini wanawake wengi waliomfuata wamepata kwa njia aliyoifungua.

Sikuwa nadai talaka. Tulikutana mbele ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa, mume wangu na mimi na wazee wawili, tukapiga hesabu iliyoandikwa. Katika sehemu 8 za deni, 5 ni za mashine, 3 ni za nyumba. Basi yeye atoe 150,000 kila mwezi, mimi 90,000. Karatasi ile haimfungi mkopeshaji; yeye asipoleta, nyumba inayouzwa ni ile ile. Lakini imemaliza ugomvi wa nani kasema nini.

Hapo ndipo watu wema walipoanza kunikosea. Waliniambia, "Msamehe mwenzio, hata Sala ya Bwana inataja deni." Nililala na neno hilo usiku mwingi. Kuondoka kwake nimemsamehe, namwambia Mungu hivyo kila siku, na siku nyingine ni kweli. Ile 150,000 siwezi kuisamehe, kwa kuwa si yangu. Ni ya watoto wanaolala chini ya paa lile. Mtu hasamehe kwa mali ya mwingine.

Miezi minne hakuleta. Nikapewa notisi ya siku 60. Kumbukumbu la Torati 24 humwagiza mkopeshaji asiingie nyumbani kuchukua rehani, asimame nje. Na kweli yule ofisa alisimama nje, watoto wakimtazama. Nilimpa kiti chini ya mparachichi, akakikataa. Wiki ile ile akaja mnunuzi wa butura na fedha mkononi, kahawa yangu ikiwa maua tu. Nilimrudisha. Akina mama wa kikoba cha kanisa walinikopesha bila riba, nikapunguza deni mpaka notisi ikaondolewa, nao nikawalipa msimu ulipofika, nilipopeleka maganda kwenye chama cha msingi. Hivyo ndivyo vyombo vyangu vya kuazima.

Baraza lilimwita tena mume wangu. Ameanza kuleta, mara kwa bodaboda, mara pungufu. Mwezi uliopita alileta mwenyewe. Alisimama uani, akatazama juu, akauliza kama paa linavuja. Nikamwambia halivuji. Akahesabu 150,000 kamili, akakataa chai, akaondoka. Mtoto wetu mkubwa, ndiye anayetunza daftari, akaandika tarehe, na chini yake: yamebaki 11.